Uzoefu wangu na bustani ya katikati ya jiji baada ya vizuizi: kilichosaidia na kilichoharibu

Nyota mbili kati ya tano. Ningetoa tatu kama choo kingebaki wazi.

Ninachokipima ni bustani ya umma ya katikati ya jiji kama huduma, baada ya kupitia hatua zilezile zinazopendekezwa karibu kila bustani ya namna hii inapolalamikiwa: mabenchi yatiwe vyuma, choo kifungwe, soketi zing'olewe, meza za sataranji ziondolewe, geti lifungwe magharibi, na anayegawa chakula awe na kibali. Mikutano ya kukusanya maoni huwa ya moto, lakini huku wakisema "usalama" na kule wakisema "haki", watu hutawanyika bila yeyote kuuliza benchi lina kimo gani.

Basi tuanze na benchi. Chuma cha katikati huwekwa ili mtu asilale, ila tangazo husema ni cha kuegemeza mkono. Kuvitofautisha ni rahisi. Mkono wa benchi unaomsaidia mzee kunyanyuka husimama kama sentimita 20 juu ya kikalio na hufika karibu na ukingo wa mbele, ili kiganja kipate pa kusukumia. Kipande cha bomba kilichopindwa chini katikati ya kiti hakimnyanyui mtu. Niliweka futi kamba kwenye benchi moja la mita 1.8 lenye vyuma vitatu: zinabaki nafasi nne za sentimita 45, pungufu kidogo ukitoa unene wa chuma. Kwenye karatasi hapo wanakaa watu wanne. Kwa kweli wanakaa wawili, kwa sababu mtu mwenye mkoba, mzazi mwenye mtoto au yeyote mwenye mwili mkubwa kidogo hapaenei, na hakuna anayependa kubanwa begani na asiyemjua.

Kosa la pili hulijua anayetumia kiti cha magurudumu. Yeye huhamia kwenye benchi kwa kuteleza kutoka ubavuni, kwa hiyo chuma kikifungwa ncha zote mbili, benchi limefungwa kwake. Viwango vya Marekani vya ufikivu kwa wenye ulemavu (ADA) huweka kimo cha kikalio kati ya sentimita 43 na 48.5, na hutaka nafasi tupu ya sentimita 76 kwa 122 kwenye ncha ya benchi. Ukilazimika kuweka mikono, iwe ncha moja tu, nyingine iachwe wazi. Na ukitaka kuona wazo la kuzuia likipelekwa hadi mwisho wake, tazama benchi la Camden, London, la mwaka 2012: bonge la zege lenye migongo ya mteremko, halina pa kulala wala pa kuficha kitu, na anayekaa juu yake hakai muda mrefu. Limefanya lilichotumwa.

Aliyekuwa akilala kwenye benchi, usiku huu analala nyuma ya vichaka. Msafishaji anamkanyaga asubuhi, na mlinzi hamwoni kabisa. Tatizo lilelile, limehama mita 10 na sasa halionekani.

Choo ndicho kipimo changu kikubwa kuliko vyote. Kikifungwa, muda mtu anaoweza kukaa bustanini unaamuliwa na kibofu chake. Wa kwanza kuondoka ni wajawazito, wazee, wenye kisukari na wenye watoto wadogo, yaani haohao ambao kila upande wa mjadala unadai kuwatetea. Wasio na pa kwenda hawaondoki. Wanatumia ukuta, na gharama ya kuosha ukuta inaingia kwenye bajeti nyingine, ndiyo maana kufunga choo huonekana ni kubana matumizi.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni dawa za kulevya na uharibifu. Sababu hiyo ni ya kweli, na ina majibu yanayojulikana. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu aliyeanguka ndani akiziba mlango unaofunguka kwa ndani, hakuna wa kumfikia. Kitasa kiwe na namna ya kufunguliwa kutoka nje. Mtu apite kukagua kila saa mbili na kuandika jina na saa kwenye fomu ya mlangoni. Fomu isiyojazwa tangu juzi inakueleza zaidi kuliko ripoti yoyote. Sinki likae nje, asije mtu akakigeuza choo bafu. Mji wa Portland, Oregon, ulianza mwaka 2008 kutumia choo cha chuma cha chumba kimoja chenye vipande bapa vya chuma vilivyoachana juu na chini: miguu inaonekana, sauti inasikika, na bomba la kunawia liko nje. Hakina starehe. Lakini kipo.

Taa za bluu za chooni msizinunue. Lengo lake ni kuficha mishipa ili mtu asijidunge sindano. Aliyekusudia hujidunga hivyohivyo, kwa kubahatisha na kwa hatari zaidi, huku mwenye macho hafifu akijikwaa na msafishaji akishindwa kuona damu sakafuni.

Soketi nitapita haraka. Kung'oa soketi ili watu wasijazane ni kumnyima mtu simu, na simu ndiyo njia yake ya kupata kazi, daktari na nafasi ya malazi. Swichi inayojizima yenyewe saa tatu usiku ingetosha.

Saa za kufunga zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa jiji la New York lilitoa mifano miwili katika mwaka mmoja, 1988. Kwenye Tompkins Square Park walitangaza kufunga saa saba usiku, na mwezi Agosti amri hiyo ikazaa mapambano makubwa kati ya polisi na watu. Miaka mitatu baadaye bustani ilifungwa kabisa kwa matengenezo hadi 1992. Bryant Park nayo, iliyokuwa na sifa mbaya ya biashara ya dawa za kulevya, ilifungwa mwaka huohuo wa 1988 na kufunguliwa 1992, lakini dawa yake ilikuwa nyingine. William H. Whyte, aliyekuwa amepiga picha za filamu za watu wanavyotumia viwanja vya jiji hilo, alishauri iondolewe ile sura ya ngome: uzio na vichaka vilivyoikinga vipunguzwe, viingilio viongezwe. Kisha vikaletwa viti vyepesi visivyofungwa ardhini. Wengi walidhani vitaibwa vyote. Bustani ikajaa, na wingi wa watu wa kawaida ukawa mlinzi wa kwanza.

Sisemi kazi hiyo ilikuwa ya bure. Bryant Park inaendeshwa na shirika lisilo la serikali lenye wafanyakazi na fedha zake, na wapo wanaolalamika kwa haki kwamba shughuli za biashara zimezidi. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule walianza kwa kuongeza sababu za kuja. Bustani ninayoipima ilianza kwa kufunga geti magharibi. Njia ya mkato iliyokuwa ikitumiwa na wanaotoka kazini ikafa, macho yao yakapotea, na uzio unarukwa na walewale waliokusudiwa kuzuiwa. Geti huwazuia wanaotii.

Kibali cha kugawa chakula nakiunga mkono nusu. Mgao ukifanyika kwenye nyasi kila siku mahali pamoja, udongo unashindiliwa, maji hayanyonywi, na mvua ya kwanza hapo ni tope. Kuna pia takataka na panya. Masharti ya maana ni machache: sakafu ngumu, saa inayojulikana, mapipa ya ziada yenye vifuniko yanayoondolewa siku hiyohiyo, na maji ya kunawa. Kibali kinachoombwa siku 30 kabla na kutolewa mara mbili kwa mwaka si utaratibu, ni marufuku iliyovaa suti.

Kuna kifaa cha kuwafukuza vijana kinachotoa mlio mwembamba wa takriban kilohezi 17. Waliovuka miaka 25 au zaidi kidogo wengi wao hawausikii, na kwa kawaida hao ndio wanaopitisha uamuzi wa kukinunua. Mtoto mchanga kwenye kigari anausikia na hana namna ya kusema. Kwangu hicho kinatosha kufuta nyota nzima.

Wapo wanaoleta mkutanoni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 28 Juni 2024 katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kana kwamba imeamuru bustani zisafishwe. Mahakama, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema kuadhibu kupiga kambi kwenye ardhi ya umma hakuvunji katazo la adhabu za kikatili kwenye katiba yao. Haikulazimisha jiji lolote kupiga marufuku, na haikuwa kesi ya choo wala benchi.

Ukienda kutoa maoni, nenda na hesabu. Hesabu watu kwa wiki mbili kabla ya hatua na wiki mbili baada yake, saa zilezile: asubuhi, mchana, jioni, na siku moja ya mwisho wa wiki. Andika wanaume, wanawake, watoto, wazee, waliokaa na waliopita tu. Siku ya mvua irudie. Whyte aliiona idadi ya wanawake kuwa dalili ya mapema: wakipungua sana, mahali pana kasoro hata kama hakuna aliyeripoti tukio. Kisha dai kila hatua iwe na tarehe ya kuisha, siku 90 kwa mfano, irudishwe mezani ikiwa na hesabu hizo. Bila tarehe, "majaribio" hayaishi.

Nyota ya pili nimeitoa kwa kazi ambayo hakuna aliyeibishania. Vichaka vimekatwa chini ya sentimita 90 na matawi yameinuliwa hadi juu ya mita 2, kwa hiyo ukiwa kwenye njia unaona upande wa pili. Taa nazo zimepangwa kwa usawa badala ya mataa makali mawili yanayokuumiza macho na kuacha giza nene pembeni. Angalieni tu ratiba ya kukata. Vichaka hivyo vikiachwa msimu mmoja wa mvua, macho yanaishia kwenye majani tena.