Hita ya sola ya lita 200: tangi zuri, stendi mbaya

Kanuni za nishati za Kenya za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekwe hita za sola; hita hii ya mirija ya vioo inatosha watu wanne. Tangi lake ni bora kabisa: maji ya jioni yanafaa kuogea alfajiri.

Stendi ndiyo inayokera. Imeinuliwa nyuzi 45, pembe ya nchi zilizo mbali na ikweta. Nairobi iko nyuzi 1 tu kusini, kwa hivyo itisha stendi fupi ya nyuzi 15 hadi 20, ielekee kaskazini. Usiilaze ikawa bapa, maji moto hayatapanda tangini.

Julai, mawingu yakitanda, washa koili ya umeme iliyo tangini kwa taimeri. Fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka. Ikiisha, kutu hula tangi.