Uzoefu wangu wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya maji ya wilaya, West Nile

Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji anayesita kati ya kubaki Kampala na kwenda mbali wakati wa likizo ndefu ya Juni hadi Agosti, ushauri wangu ni kwamba aende mbali, na akishafika asikubali kufungiwa makao makuu ya wilaya. Mimi nilifanya mafunzo yangu katika ofisi ya maji ya wilaya mojawapo ya West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikitokea Jinja nilikokulia. Wilaya yenyewe sitaitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza zinawahusu watu walionipokea vizuri ilhali wao wenyewe walikuwa wamebanwa na uhaba wa fedha.

Jambo la kwanza ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua kabla ya kukata tiketi ni kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na ratiba hiyo ndiyo inayoamua utakachokiona. Mwezi wa Juni ofisi haikaliki: fedha ambazo hazijatumika hurudishwa Hazina mwaka unapofungwa, kwa hiyo wakandarasi wanafuatiliwa mmoja mmoja, visima vipya vinakaguliwa, hati za malipo zinatiwa saini, na gari la idara linatoka karibu kila asubuhi. Inapoingia Julai, shughuli zinasimama. Fedha za robo ya kwanza zinakuwa bado hazijatolewa, mafuta ya gari hakuna, na maofisa wanashinda kwenye ripoti. Mwanafunzi anayefika katikati ya Julai atadhani amepelekwa kwa wavivu, na atakuwa amewaonea. Anayeweza kufika mwanzoni mwa Juni na afanye hivyo, hata ikibidi aombe ruhusa ya kuondoka chuoni mara tu baada ya mtihani wa mwisho.

Kazi ya ofisini niliyopewa mwanzoni ilikuwa kupanga majalada na kutoa nakala. Wengi huilalamikia kazi hiyo, nami sikuifurahia, lakini ndani ya yale majalada mna elimu ambayo hatukuipata darasani. Kila kisima kilichochimbwa kwa mashine kina karatasi yake inayoonyesha kina, aina ya mwamba, wingi wa maji kwa saa na matokeo ya vipimo vya maabara. Chuoni tunafundishwa kujaza karatasi ya namna hiyo kwa mfano wa kubuni. Hapa unasoma za visima vya kweli, na baada ya muda unaanza kuutambua ukanda wenye maji ya kutosha na ukanda ambao mchimbaji amekuwa akirudi mara kwa mara bila mafanikio. Nilichokipungukia ni msimamizi wa kuniketisha na kunieleza karatasi hizo zinatumikaje. Ofisa wa maji alikuwa mtu muungwana, ila alikuwa na wilaya nzima mabegani mwake na wasaidizi wachache mno.

Mabadiliko yalikuja nilipoomba kutumwa kwenye kaunti ndogo, nifuatane na fundi wa pampu za mkono za visima. Mafundi hawa hawaajiriwi na serikali. Ni watu wa vijijini waliofunzwa, wana chama chao cha wilaya, na hulipwa kwa kila kazi. Mzee niliyepangiwa alikuwa amezifanya kazi hizo tangu ujana wake. Siku aliyonifundisha mengi zaidi tulikwenda kwenye pampu ambayo wanakijiji walisema inahitaji kupigwa sana kabla ya kutoa maji, na ambayo maji yake ya alfajiri huwa mekundu mpaka jerikeni kadhaa zimwagwe.

Pampu yenyewe ilikuwa ya aina ya U2, ambayo haikuruhusu kutoa pistoni peke yake, kwa hiyo ilibidi mabomba yote yavutwe juu, kipande kimoja cha mita 3 baada ya kingine. Vijana wa kijiji walishika vibano huku mzee akifungua maungio kwa spana ndefu. Vipande vya juu vilikuwa vizima kabisa. Kuanzia pale bomba lilipokuwa likigusa maji, rangi iligeuka ya matofali, nyuzi za maungio zilikuwa zimelika, na kwenye kipande kimoja palikuwa na tundu ambalo ncha ya kidole changu cha shahada iliingia bila shida. Mzee alikigonga kile kipande kwa spana, magamba ya kutu yakaanguka juu ya saruji, akasema, «Mwanangu, maji haya yanakula chuma. Hapa nimeshabadilisha mabomba na nitabadilisha tena.» Mama aliyekuwa mtunza hazina wa kamati ya watumiaji wa maji alituletea chai, akaomba radhi kwa rangi yake kabla hatujaionja, kwa sababu maji yenye chuma kingi yakikutana na majani ya chai huwa meusi kama wino. Alituambia kwamba harusini watu wa pale huteka maji kijiji cha pili ili wasiaibike mbele ya wageni.

Kabla hatujaondoka mzee alisugua tope kwa kiatu chake kwenye jukwaa la saruji, nikaona namba ya DWD, yaani ya Kurugenzi ya Maendeleo ya Maji, iliyochorwa pale saruji ilipokuwa mbichi. Niliinakili. Niliporudi makao makuu nililitafuta jalada lake, na karatasi ya maabara ilionyesha wazi kwamba maji ya kisima kile yalikuwa na asidi tangu siku kilipochimbwa. Maji ya namna hiyo huondoa kwanza zinki iliyopakwa juu ya bomba, kisha hushambulia chuma chenyewe. Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo ya chuma kwenye pampu za mkono mwaka 2016, na visima vipya hutumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, lakini mabomba yaliyozamishwa kabla ya hapo bado yamo ardhini kwa wingi. Taarifa za kutabiri ni kisima kipi kitaoza zilikuwamo kabatini. Kilichokosekana ni mtu mwenye nafasi ya kuzioanisha na malalamiko ya wanakijiji.

Kazi hiyo mwanafunzi anaiweza, na ofisi inaihitaji. Nilimwomba ofisa wa maji aniruhusu kuandaa jedwali la visima vyote vya kaunti ndogo ile, kila kimoja na namba yake, mwaka wa kuchimbwa, kiwango cha asidi, aina ya bomba na hali yake ya sasa kwa maelezo ya fundi na kamati. Alikubali mara moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba barua ya maombi isiishie kwenye maneno ya kawaida ya kuomba nafasi, bali itaje kazi mahsusi unayotaka kuifanya. Barua huandikwa kwa Ofisa Mkuu wa Utawala wa wilaya, ikiambatana na barua ya chuo, na ni busara kuipeleka mapema, tangu Februari au Machi.

Kuhusu fedha, nasema kwa uchungu. Sikupata posho yoyote, na hali ni hiyo kwa wengi wa wanafunzi wenzangu niliowauliza. Kodi ya chumba, nauli ya basi kutoka Kampala kupitia Karuma na Pakwach, boda boda za kwenda vijijini siku ambazo gari la idara halina mafuta, gambuti za msimu wa mvua, vyote vilitoka mfukoni mwa wazazi wangu. Mwanafunzi mwenzangu mwenye uwezo kunishinda darasani alibaki mjini kwa sababu nyumbani kwao haziwezekani gharama hizo, akamaliza likizo akipiga chapa barua katika ofisi moja. Kama vyuo vinalazimisha mafunzo haya ili mtu ahitimu, basi vinapaswa kuyatengea fungu la nauli na malazi kwa wanaokwenda mbali. Wilaya zilizo mbali ndizo zenye upungufu mkubwa wa wataalamu, na ndizo zinazokosa wanafunzi kwa sababu ya nauli.

Msimamizi wa chuo naye ni tatizo. Wangu alinipigia simu badala ya kuja, akanisainia daftari la kumbukumbu za kila siku nilipokwisha kurudi. Sidhani kwamba mtu anaweza kutathmini kazi ya kisima kwa simu.

Maisha ya kawaida hayakunisumbua. Kiswahili nilichokikuza kambini, kwa kuwa baba yangu ni askari, kilinifungulia milango mingi sokoni na kwa mafundi, ingawa kwenye mikutano ya kijiji Kilugbara ndicho kilichotawala na nilitegemea ukarimu wa waliokaa karibu nami kunitafsiria. Jifunze salamu zao kabla ya kufika; wazee hupima heshima yako kwa salamu kabla hujafungua mdomo kuuliza chochote kuhusu maji. Chakula ni kizuri, hasa samaki wa Mto Nile wanaoitwa angara, wakiliwa na ugali wa muhogo. Barabara za vijijini huharibika kadiri mvua za Agosti zinavyozidi, kwa hiyo safari za mbali zaidi zifanywe mwanzoni.

La mwisho linahusu ripoti. Chuo kinataka nakala moja, na wanafunzi wengi huishia hapo. Toa nakala nyingine mbili, moja ya ofisi ya maji na moja ya kaunti ndogo, na zifike kabla ya mwisho wa Septemba, kwa sababu makongamano ya bajeti ya wilaya hufanyika kuelekea Novemba na orodha ya visima vya kukarabatiwa mwaka unaofuata huanza kupangwa kabla ya hapo. Jedwali langu liliwekwa mbele kabisa ya ripoti, kabla ya utangulizi na shukrani, kwa ushauri wa karani wa kaunti ndogo, ambaye aliniambia kwamba madiwani husoma ukurasa wa kwanza na, wakikuta jina la kijiji chao, huendelea na wa pili.