Kadi za picha za mwanangu: uzoefu wangu wa miezi 14

Mwanangu ana umri wa miaka 7, ana usonji, na hajaanza kusema. Sisi ni familia ya mwanajeshi tunaoishi Bombo, Uganda, na nyumbani tunazungumza Kiswahili. Seti ya kwanza ya kadi za mawasiliano niliyoletewa ilikuwa na picha za tufaha na theluji, vitu ambavyo mtoto huyu hajawahi kuvililia. Kwa hiyo nilikwenda Nasser Road, Kampala, kwenye mtaa wa wachapaji, na fundi akanichapia picha 48 nilizopiga mwenyewe kwa simu: kikombe chetu cha chai, mandazi, posho (yaani ugali), jerikeni la njano, kitanda chake. Pamoja na kufunikwa kwa plastiki ngumu, nililipa shilingi 60,000.

Njia tunayoifuata, ambayo mtoto humpa mtu kadi ya picha ili apewe anachotaka, inaitwa PECS, na ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Hatua ya kwanza huhitaji watu wazima wawili. Mimi nilikaa mkekani mbele yake nikiwa na kipande cha andazi, baba yake akakaa nyuma, na kila mtoto aliponyoosha mkono, baba yake aliuongoza bila kutamka neno hadi kwenye kadi, kisha hadi kiganjani mwangu. Kadi ilipotua tu, nilisema "andazi" na kumpa papo hapo. Siku ya 9 alifanya yote peke yake. Bibi yake, ambaye humwita "mume wangu" kama ilivyo desturi, alipopewa kadi ya chai alisema, "Leo mume wangu ameniletea barua."

Hata hivyo, kadi ninayoishukuru kuliko zote ni ya "basi", yaani "acha, imetosha", ambayo haikuwemo katika orodha yangu hadi mama mwenzangu, mwenye binti mwenye usonji, aliponisisitizia. Kwa miaka mitatu mwanangu alikuwa akijigonga ukutani kila nilipomwosha kichwa, nami nilidhani ni ukaidi; mara nyingine, Mungu anisamehe, nilimchapa. Katika mwezi wa tano wa kadi, alichomoka kwenye beseni akiwa na povu usoni, akaenda ukutani zinakoning'inia kadi, akarudi na hiyo ya "basi" ikidondosha maji, akaniwekea mkononi. Nikaacha. Nilipomfuta kwa kitambaa kibichi alitulia kabisa, ndipo nikatambua kwamba kilichomtesa ni maji ya kumwagiwa masikioni. Nilikuwa nimezoea kumshukuru Mungu kwa mdomo huku moyo ukiendelea kudai mtoto anayeita "mama". Jioni ile nilishukuru kwa dhati kwamba mwanangu amenikataza, na kwamba aliamini nitamsikia.

Kuhusu kasoro, plastiki ilianza kubanduka pembeni baada ya miezi mitatu kwa sababu huzitafuna, hivyo mwombe fundi aache ukingo mpana wa plastiki na kukata pembe ziwe za mviringo. Shule moja ilimnyang'anya kadi ikidai zitamfanya mvivu wa kusema. Tulimhamisha, na mwalimu wake wa sasa huzivaa shingoni kwa kamba.

Kadi ya "basi" imechakaa kuliko zote. Wiki iliyopita nimechapisha nyingine tatu, moja ikiwa ya kukaa kwa bibi yake.