RTT ya SEGGER: kusoma logi bila kuishtua mota

Kwa miezi minne sasa, katika karakana yetu ndogo ya Ntinda, Kampala, nimekuwa nikitumia RTT, mfumo wa kampuni ya SEGGER wa kupitisha ujumbe wa uchunguzi kutoka kwenye mikrokontrola hadi kwenye kompyuta, ninapoandika programu ya kuendesha mota ya pampu ya maji inayotumia umeme wa jua. Programu hiyo hurudia hesabu zake mara 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila mzunguko una mikrosekunde 50 tu. Awali nilituma ujumbe kwa waya wa seriali wenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, ambako mstari wa herufi 80 huchukua takriban milisekunde 7, yaani mizunguko ipatayo 140. Mota ilishtuka kila nilipoandika mstari, na hitilafu niliyoitafuta ikajificha hadi nilipoufuta.

RTT hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Programu hunakili maneno kwenye bafa ya mduara iliyomo ndani ya RAM, kisha huendelea na shughuli zake, huku J-Link, kifaa cha SEGGER kinachounganisha chipu na kompyuta, ikiisoma RAM hiyo kupitia nyaya zilezile za SWD (za kupakia na kuchunguza programu) bila kuisimamisha prosesa. Haihitaji pini ya ziada kama SWO, inayotoa ujumbe wa uchunguzi, na hata Cortex-M0, prosesa ndogo ambayo haina ITM (sehemu ya ndani inayotuma ujumbe huo), huitumia vizuri. Siku ya pili tu nililiona kosa: mkondo wa umeme ulikuwa ukipimwa wakati uleule transista zinapobadili hali. Nilifurahi mno.

Bafa, hata hivyo, inataka uangalifu. Ukubwa wake wa kawaida ni baiti 1,024, na ikijaa, ujumbe mpya hutupwa. Ukichagua programu isubiri, ucheleweshaji unarudi palepale. Katika chipu kama STM32F030F4, yenye RAM ya kilobaiti 4, bafa hiyo peke yake ni robo nzima. Aidha, kugeuza namba kuwa maandishi bado hula muda wa prosesa, ndiyo maana ndani ya ukatizaji (interrupt, kipande cha programu kinachokatiza kingine ili kifanyike papo hapo) natuma namba ghafi na kuzifasiri kwenye kompyuta.

Asiyemudu J-Link asikate tamaa, kwani OpenOCD, programu huria ya kuchunguza chipu, tangu toleo la 0.11, husoma RTT hata kwa ST-Link, kifaa kama J-Link cha kampuni ya ST. Ila kwa pampu iliyokwisha kufungwa shambani, ambako hakuna kompyuta iliyounganishwa, ninaendelea kuhifadhi logi kwenye kumbukumbu ya flashi.