Kanzidata nzuri, mkataba mgumu: tathmini baada ya miaka mitatu

Maktaba ya chuo chetu imekuwa ikilipia kwa miaka mitatu kanzidata ya majarida ya afya ya mchapishaji mmoja wa Ulaya, ambaye sitamtaja. Kuhusu maudhui sina la kulalamika, kwani makala hupatikana upesi na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutafuta bila kushikwa mkono. Mkataba wake ndio uliotutoa jasho.

Rasimu ya kwanza ilitufunga miaka mitatu mfululizo, malipo yakiwa kwa dola kila Januari, na hapakuwa na mlango wa kutokea. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1 na bajeti yetu ni ya shilingi. Anayejua jinsi fungu la maktaba linavyochelewa ataelewa kwa nini tuliomba ankara isogezwe hadi Septemba na turuhusiwe kujitoa bila adhabu endapo bajeti itapunguzwa. La ankara walilikubali kwa barua pepe moja. La kujitoa lilichukua miezi mitano, na lilipita pale tu tulipowawekea mezani takwimu zao wenyewe za matumizi, zilizoonyesha kuwa majarida mengi ya kifurushi hicho hayakufunguliwa hata mara moja.

Kilichoniudhi zaidi ni tafsiri yao ya “mtumiaji aliyeidhinishwa”. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikaa kwenye kompyuta yetu akisoma makala kuhusu kifafa cha mimba, nami kwa mujibu wa mkataba nilipaswa kumwinua kitini. Tulichukua mfano wa leseni wa EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za nchi zinazoendelea tangu 1999, tukadai mgeni anayesomea ndani ya jengo naye atambuliwe. Walikubali. Haki ya kuendelea kusoma matoleo tuliyokwisha kuyalipia, hata tukijitoa, nayo tuliipata.

Kifungu cha usiri wa bei wamekataa katakata kukiondoa, kwa hiyo siwezi kuwauliza wakutubi wenzangu wa COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, wanalipa kiasi gani, na nashuku hilo ndilo lengo lake. Natoa nyota tatu kati ya tano. Safari hii tunahuisha kwa mwaka mmoja tu, na rasimu tumeiandika sisi.