Koti jembamba kwenye meli ya Alaska

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama unapanda meli ya kitalii kwenda Alaska kati ya Mei na Septemba na una fedha ya kununua nguo moja tu mpya, nunua koti la mvua lisilo na bitana ya joto. Namaanisha lile jembamba la kukunjika, lenye kofia yake, ambalo dukani ukilishika unajiuliza litakusaidia nini. Langu nalipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyokatwa ina sababu, nitaifikia.

Mimi ni fundi cherehani, na nguo siianzii kwenye rangi. Naigeuza kwanza nione tumbo lake. Koti la mvua la kweli lina utepe uliobandikwa kwa moto juu ya kila mshono, maana sindano ikipita imeacha tundu, na maji hayaombi nafasi zaidi ya hiyo. Makoti mengi yamewekewa utepe mabegani na kwenye kofia, ubavuni yakaachwa hivi hivi. Hili utepe umefika mpaka ndani ya mifuko. Zipu ya mbele ina ukanda wa kitambaa nyuma yake, kofia inakazwa kwa kamba ya kisogoni pamoja na zile za mbele, ili ukigeuza shingo nayo igeuke. Kisha kuna zipu ndefu chini ya makwapa. Wanunuzi wengi huziona urembo. Mimi nilizifungua na kuzifunga kuliko mifuko.

Hali ya hewa ya kule ndiyo inayozidai. Meli nyingi hupita Inside Passage, njia ya bahari inayopenya kati ya visiwa na bara. Mchana wa Julai pale Juneau, mji mkuu wa Alaska, hufika nyuzi joto 17 au 18, na jua likitulia unatembea na fulana. Wingu likipita, manyunyu, upepo kutoka majini, umerudi kwenye nyuzi 12 kabla hujamaliza kahawa. Halafu jua tena. Ukiwa na koti nene una mambo mawili tu: kuungua ndani yake au kulivua na kulowa. Koti jembamba unalifungua makwapa, unaendelea na safari zako.

Wifi yangu hakukubali. Yeye alikuja na koti la manyoya ya bata linalofika magotini, limekula nusu ya sanduku lake. Juneau alilifunga kiunoni siku nzima. Bandari ya Ketchikan alilibakiza chumbani, na hapo alifanya vizuri, kwa sababu manyoya ya bata yakilowa yanajikunja, yanaacha kushika hewa, na joto lote linakwenda na maji.

Ketchikan ndipo koti langu lilipopewa mtihani. Mji huo hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, umezungukwa na msitu wa Tongass, na gatini wamesimamisha kipimo kikubwa cha mvua ambacho kila mgeni anapigia picha. Miavuli niliiona mikononi mwa sisi wa melini tu. Creek Street, ile njia ya mbao iliyojengwa juu ya nguzo kandokando ya kijito, ilikuwa imelowa na inateleza. Soli ya mpira yenye meno ni lazima. Saa za kwanza maji yalikuwa yakikimbia juu ya koti kama juu ya jani la gimbi. Baadaye mabegani, pale mkanda wa begi unaposugua, kitambaa kikaanza kuwa cheusi na kizito. Ndani sikulowa, ila koti lilipoa na kunigandia mwilini, na mtu asiyejua angesema linavuja.

Hapo ndipo ilipokwenda nusu nyota. Juu ya kitambaa cha namna hii hupakwa dawa ya kufukuza maji, na dawa hiyo huchakaa kwa msuguano, jasho na uchafu. Utando wa ndani bado unazuia maji, lakini kitambaa cha juu kikishanywa maji jasho lako linakosa pa kutokea. Tiba yake ni rahisi: meli yetu ilikuwa na chumba cha kufulia cha abiria, nikalifua bila dawa ya kulainisha nguo (hiyo inaharibu kabisa) na kulitia kwenye mashine ya kukaushia kwa joto dogo, maana joto huiamsha ile dawa. Kesho yake maji yalikuwa yanateleza tena. Kabla ya kufanya hivyo soma kibandiko cha ndani, si kila kitambaa kinaruhusu. Na kwa bei wanazouza makoti haya, mkanda wa begi haukupaswa kulishinda mapema namna ile.

Koti la mvua halina joto lake, kwa hiyo cha chini yake ndicho kinachofanya kazi. Fulana za mikono mirefu za sufu ya kondoo wa merino, tatu zinatosha safari nzima. Sufu huweza kunywa unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi majimaji, na haishiki harufu upesi. Uzi wa merino ni mwembamba, hauwashi. Pamba iache kwa ajili ya kulalia. Jinzi ikilowa asubuhi utaikuta na unyevu usiku, na chumba cha meli hakina upepo wa kukausha kitu. Juu ya fulana, sweta. Juu ya sweta, ukitaka, kizibao cha manyoya ya bata kinachokunjika hadi kuingia mfukoni. Suruali ya mvua nayo ibebe, kwa sababu maji yote yanayoteleza kwenye koti yanaishia mapajani. Yangu inapiga kelele nikitembea, basi.

Sasa niwe mkweli kwa wifi. Siku ya Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa, alinishinda. Wahifadhi hupanda melini asubuhi na kueleza mambo kwa kipaza sauti: kwamba mwaka 1794, msafara wa George Vancouver ulipopita, ghuba hii ilikuwa karibu yote imezibwa na barafu, na leo meli inaingia ndani kiasi cha kilomita 100 kabla ya kuikuta. Unasikiliza umesimama sitahani, na baridi ya kusimama si baridi ya kutembea. Mbele ya barafuto (mto wa barafu) la Margerie meli ilitulia na kujigeuza polepole ili pande zote mbili zione. Upepo ulishuka moja kwa moja kutoka kwenye barafu, usiokuwa na huruma. Nilikuwa nimevaa kila nilichokuwa nacho, koti la mvua juu kama ngao ya upepo, nikawa sawa mwili mzima isipokuwa vidole, kwani glavu nilikuwa nikizivua kila nikitaka kupiga picha. Wifi kajikunyata ndani ya lile koti lake, anakula biskuti.

“Wifi, useme sasa,” akaniambia.

“Leo tu, wifi yangu. Leo tu.”

Na ilikuwa leo tu. Bandari ya Skagway, kwenye treni ya mlimani ya White Pass inayopanda hadi mita 873, unaweza kusimama kwenye kibaraza cha nje cha behewa, na pale kileleni tulikuta ukungu na upepo. Koti jembamba na sweta vilitosha. Njia hiyo ndiyo waliyopita watafuta dhahabu mwaka 1898, na polisi wa Kanada pale mpakani walikuwa wakimdai kila mmoja shehena ya takriban tani moja ya vyakula na vifaa. Nilipomsomea wifi habari hiyo aliniambia basi sanduku lake lina nidhamu.

Nguo za jioni zinasumbua watu bure. Meli nyingi zina usiku mmoja au miwili ya kupendeza, na pasi hairuhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto. Gauni moja jeusi la kitambaa cha kunyumbuka kisichojikunja, skafu mbili za kubadilisha, umemaliza. Nafasi inayobaki weka ndoano za sumaku: kuta za vyumba vingi vya meli ni chuma, na koti lililolowa linahitaji pa kuning'inia pasipo kudondoshea maji viatu.

Anayesafiri Septemba aongeze sweta, mvua zinazidi. Kuhusu saizi, nenda dukani na sweta lako, livae, kisha vaa koti juu yake, funga zipu mpaka kidevuni na unyooshe mikono mbele kama unashika ukingo wa meli. Mkono wa koti ukipanda juu ya kifundo, au mgongo ukikubana, chukua saizi inayofuata.