Tahadhari kwa wanunuzi wa mbwa Mbeya na Iringa: picha zinazoficha miguu ya mbele

Ndugu wafugaji, kuna muuzaji anayetangaza watoto wa mbwa aina ya German Shepherd katika makundi ya WhatsApp ya Mbeya, Makambako na Iringa, ambaye hudai alipwe fedha yote kwa simu kabla ya kumpakia mbwa kwenye basi. Jirani yangu wa Uyole alimlipa, akaenda kupokea mzigo stendi ya Nane Nane, na kilichotoka ndani ya boksi ni mtoto wa mbwa mwenye nyayo za mbele zilizogeukia nje, vifundo vilivyolegea na mguu wa kushoto uliopinda wazi.

Nimezipitia picha alizotumiwa. Ya kwanza imepigwa kutoka juu, hivyo kichwa kimekuwa kikubwa na miguu haieleweki. Ya pili, majani marefu yamemeza vidole. Ya tatu, mbwa amekaa. Ya nne ndiyo inayovutia kuliko zote, lakini ukitazama chini ya kifua utaviona vidole vya mtu vikimnyanyua, maana miguu isiyobeba uzito huonekana imenyooka hata kama ina kasoro. Hila hiyo si ya mtu asiyejua mbwa.

Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa, kwa hiyo dai picha akiwa amesimama mwenyewe juu ya sakafu, kamera ikiwa usawa wa kifua chake. Kwa mbele, mstari ushuke kutoka begani, upite kwenye kiwiko na kifundo hadi katikati ya unyayo, na viwiko visitanuke wala kubanwa ndani. Kwa ubavu, mguu uwe wima, ila sehemu iliyo juu kidogo ya unyayo ilale mbele kiasi. Omba pia video akitembea kukujia, kwa kuwa hata mbwa asiye na kasoro hunaswa na picha akiwa amesimama vibaya.

Nilipomwomba muuzaji huyo picha ya namna hiyo, alijibu kwamba mbwa wake "wanaogopa kamera", kisha akanizuia.

Aliyekwisha kumpokea mbwa wa aina hiyo amwone daktari wa mifugo mapema: matege ya lishe duni hurekebishika yakiwahiwa, lakini mfupa ulioumia sehemu yake ya kukulia huzidi kupinda kadiri mbwa anavyokua. Namba ya muuzaji imeshabadilika. Picha bado ni zilezile, nyuma yake uzio wa bati lenye kutu.